MILA ZA WENYEJI NDANI YA MJI: MAFUNZO YA KARIAKOO

Liko neno moja linalobishaniwa sana barazani, katika mikutano ya waalimu, na hata mlangoni pa kanisa watu watokapo kusali. Neno lenyewe ni hili: Je, mila za wazee wetu zina mahali gani katika maisha ya sasa? Wako wasemao kwamba mila zote ni mambo ya giza, na mtu aliyesoma yampasa kuziacha nyuma kama nyoka aachavyo gamba lake. Wako wengine wasemao kwamba taabu zote za siku hizi, utovu wa adabu wa vijana, ndoa kuvunjika na wazee kutupwa, zimetujia kwa sababu tumeziacha mila. Basi turudi tuzishike zote kama zilivyokuwa.

Sisi twaona ya kuwa pande hizi mbili zimeshika kosa moja. Kila upande huzinena mila kana kwamba ni furushi moja lililofungwa kwa kamba, ambalo mtu hana budi kulibeba lote au kulitupa lote. Walakini historia haituonyeshi hivyo. Ili tulijue jambo hili vema, na tutazame mahali ambapo mila za makabila mengi zimetiwa katika jaribu kwa muda wa miaka zaidi ya 100, yaani mji wa Dar es Salaam, na hasa mtaa wa Kariakoo. Tena habari hizi si za watu wa mjini peke yao, maana ni vijiji vichache visivyo na mtoto wao aliyekwenda huko kutafuta maisha.

Kwanza tuwajue wenyeji. Kabla ya kuitwa Dar es Salaam, mahali pale palikuwa na kijiji cha pwani kiitwacho Mzizima. Waliokaa ufukoni ni Washomvi, watu wa uvuvi na chumvi na biashara. Na nyuma yao, katika mashamba na misitu hata kufika vilima vya Pugu na Kisarawe, walikaa Wazaramo. Wazee husimulia ya kwamba hapo kale Washomvi walishambuliwa na Wakamba, wakaona hawana nguvu ya kuwazuia, wakaomba msaada kwa mtu mkuu wa Wazaramo, jina lake Pazi Kilama. Naye akawashinda wale Wakamba, na tangu siku hiyo Washomvi wakawa wakimpa Pazi ada kila mwaka. Mtu aweza kusema kwamba hayo ni masimulizi tu. Lakini ndani yake mna neno kubwa: mji huu, tangu asili yake, ulikuwa mahali pa wenyeji na wageni kukaa pamoja kwa mapatano, kila mmoja akiijua haki ya mwenzake. Hiyo nayo ni mila.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji wake hapo, lakini alikufa mwaka 1870, na majumba yake mengi yakaachwa kuwa magofu. Wadachi wakaja kuweka kituo chao mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji huo kuwa makao makuu ya serikali yao. Ndipo watu wakaanza kugawanywa kwa rangi: Uzunguni pwani upande wa mashariki, Uhindini katikati mwa biashara, na Waafrika wakatengewa upande wa nyuma. Karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza Wadachi walikuwa wamekwisha jenga jumba la soko upande huo wa Waafrika; lakini kabla halijatumika sawasawa, vita vilitokea. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu walipolitamka jina hilo kwa ulimi wa Kiswahili, likawa Kariakoo.

Msomaji na asimame kidogo hapo. Wapagazi wale walichukuliwa kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao bila hiari yao, wakafa kwa maelfu kwa njaa na kuhara na homa kuliko kwa risasi. Majina yao hayakuandikwa. Lakini jina la kikosi chao likawa jina la soko kubwa kuliko yote nchini. Na ukipita mitaani karibu na soko utaona Mtaa wa Narung'ombe na Mtaa wa Tandamti, majina ya mahali pa kusini palipopiganwa vita vikali mwaka 1917. Basi Kariakoo tangu mwanzo haikuwa ya kabila moja. Baada ya vita walibaki hapo Wanyamwezi, Wamanyema waliotoka Kongo ya mashariki, Wangoni, Wayao na wengineo, pamoja na Wazaramo wenyewe ambao walikuwa wengi kuliko wote. Waingereza wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja kati ya Uhindini na Kariakoo, ili watu wasichanganyike. Lakini ndani ya Kariakoo yenyewe watu walichanganyika, wala hapakuwa na wa kuwazuia.

Tazama nyumba zao. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na kisima au bomba. Mwenye nyumba, na mara nyingine alikuwa mwanamke, alikaa katika chumba kimoja na kupangisha vingine. Hivyo Mzaramo, Mnyamwezi na Mmakonde walipikia katika ua mmoja. Mtu aliyezaliwa katika kijiji ambacho kila jirani ni ndugu yake alijikuta analala ukuta kwa ukuta na mtu asiyemjua hata kwa lugha. Hapo ndipo mila zikapata jaribu lake. Maana kijijini mila hushikwa kwa sababu wazee wapo, makaburi yapo, na mashamba yapo. Mjini hayo yote hayapo. Je, kilibaki nini?

Tuanze na msiba, maana mauti humfikia kila mtu. Mgeni akifa mjini, nani atamwosha, nani atachimba kaburi, nani atalia? Wazee wetu walikuwa na utani: makabila yaliyopigana zamani, au yaliyokutana katika njia za misafara, yalifanya mapatano ya kutaniana na kusaidiana. Mtani huweza kukutukana mbele ya watu nawe usikasirike. Lakini siku ya kufiwa ndiye ashikaye kazi, hata zile ambazo ndugu hawawezi kuzifanya kwa sababu ya majonzi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara ya pembe. Utani huu haukufa mjini, bali ulizidi kupata kazi. Tena watu wakaunda vyama vya makabila, kila mwanachama akitoa senti zake, ili mwenzao akifa azikwe kwa heshima, na aliye mgonjwa apate nauli ya kurudi kwao. Vyama vya namna hii ndivyo vilivyowafundisha watu wengi kushika daftari, kuchagua mwenyekiti na kutunza fedha ya watu wote, kabla hawajaingia katika siasa. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho baadaye kilizaa TANU ya mwaka 1954, kilikuta watu waliokwisha jifunza kukaa chamani.

Hata leo, kwenye mtaa wowote wa mji ule, mtu akifa utaona turubai limefungwa njiani, wanawake wamekaa mkekani, na mtu mmoja ameshika daftari la rambirambi. Daftari ni jambo jipya, na turubai ni jambo jipya. Lakini sharti la kutomwacha mfiwa peke yake ni la kale. Basi hapa tumeona mila moja iliyobadili nguo yake bila kubadili moyo wake.

Pili, tutazame ngoma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma iliyoshika mji ilikuwa Beni. Ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea kote walikokwenda askari na wapagazi. Wachezaji walijipanga kama jeshi, wakavaa nguo za kizungu, wakapeana vyeo vya Kingi na Jenerali, wakagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti, na kila upande ukashindana na mwenziwe kwa mavazi na karamu. Wazungu wengine waliicheka, wengine waliiogopa wakidhani ni njama. Wamisionari nao waliichukia kwa sababu ya pombe na gharama. Hayo hatuyakani, maana kushindana huko kuliwafilisi watu wengi. Lakini chini ya tarumbeta na magwanda kulikuwa na jambo la kale, yaani mashindano ya pande mbili ya pwani, na kusaidiana kwa wanachama katika ugonjwa na mauti. Aliyeitazama Beni kwa macho tu aliona kuiga Wazungu. Aliyeingia ndani aliona desturi za wenyeji zikijifunza kukaa mjini.

Na ngoma za Wazaramo wenyewe hazikunyamaza. Mdundiko uliendelea kupita njiani na kukusanya watu nyuma yake, na wazazi wengi wameunung'unikia kwa sababu watoto huufuata wakapotea mbali na kwao. Kisha vijana wa mitaa ya maskini walichukua mapigo ya ngoma hizo wakayatia katika kinanda cha umeme, ukazaliwa mchiriku, na baada yake singeli. Ukiwauliza wazee watakuambia kwamba hiyo si mila bali kelele. Labda ni kweli kwamba maneno ya nyimbo nyingine hayafai kusikiwa na mtoto. Lakini yatupasa tujue kwamba mapigo yale hayakutoka ng'ambo.

Tatu, na hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, ni unyago. Msichana wa Kizaramo alipovunja ungo aliitwa mwali, akafungiwa ndani muda mrefu, mara nyingine mwaka mzima au zaidi, akifundishwa na somo yake. Alifundishwa adabu, usafi, kazi za nyumba na mambo ya unyumba. Alifunzwa kwa mafumbo na nyimbo chini ya mti wa mkole, mti wenye kuzaa sana, na pamoja naye kulikuwa na sanamu ndogo ya mti iitwayo mwanahiti, ishara ya uzazi na ya ukoo. Maana Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na msichana ndiye mlango wa kizazi.

Sasa twambieni, ninyi mpendao mila zote: msichana huyo atakwenda shule saa ngapi? Mwali aliyefungiwa ndani mwaka mzima amepoteza mwaka wa masomo, na aliyetoka ndani kuolewa amepoteza masomo yote. Waalimu wengi wameona kiti kitupu darasani wakajua sababu yake. Serikali nayo imelitambua jambo hili, hata ikaweka mwaka 2016 adhabu ya miaka 30 gerezani kwa amwoaye mwanafunzi. Na ninyi mchukiao mila zote, twambieni: baada ya unyago kuachwa, ni nani amfundishaye msichana habari za mwili wake? Mama mzazi huona haya, kwa kuwa kwa desturi hiyo haikuwa kazi yake bali ya somo. Mwalimu husema machache. Basi msichana hufundishwa na simu na rafiki zake, na mara nyingi huja kujua baada ya kuharibikiwa.

Watu wa Dar es Salaam hawakungoja sisi tumalize kubishana. Walifupisha siku za mwali, wengine wakangoja likizo ya shule. Na kwa wanaoolewa wakafanya sherehe waiitayo kicheni pati, ambayo Wakristo na Waislamu, matajiri na maskini, huifanya kabla ya arusi. Kwa nje ni sherehe ya kizungu ya kumpa bibi arusi vyombo vya jikoni. Lakini ndani amekaa kungwi, aliyealikwa na kulipwa, akifundisha yale yale ya chini ya mkole. Tunakiri kwamba pengine fedha imezidi mafundisho, na ukumbi umekuwa mahali pa kujionyesha. Hata hivyo, jambo lenyewe lashuhudia kwamba haja ya mafundisho haikufa. Ila ilipofukuzwa mlangoni, iliingia kwa dirishani.

Kanisa nalo limewahi kulijaribu jambo hili. Kule kusini, Masasi, padre William Vincent Lucas wa Misheni ya UMCA, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, hakukubali kwamba jando ni la kupigwa marufuku tu. Yeye pamoja na mapadre na waalimu Waafrika waliliacha jando liendelee, wakaondoa mambo yasiyopatana na Injili, wakatia sala na mafundisho ya Kikristo. Upande wa wavulana kazi iliendelea vizuri kiasi. Upande wa wasichana ilikuwa ngumu zaidi, maana mambo yale yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na wanaume, hata wa kanisani, hawakuyajua. Fundisho la Masasi ni hili: haiwezekani kutengeneza mila bila wenyewe wanaoishika. Mgeni aweza kuikataza. Kuitengeneza hawezi, ila wenyeji wakubali na kuongoza.

Nne, ni uganga. Hapa twasema kwa uangalifu. Sokoni Kariakoo na njia zinazolizunguka, magome na mizizi na majani huuzwa kando ya mchele na vitambaa. Baadhi ya dawa hizo zinafaa kweli, na wataalamu wa Muhimbili wamekuwa wakizichunguza tangu mwaka 1974. Hata sheria ya tiba asili ilitungwa mwaka 2002. Lakini katika neno hilo hilo moja, uganga, mnaingia pia upigaji ramli na kumtaja jirani kuwa mchawi. Matunda yake tumeyaona: katika miaka ya 2000 na baadaye, hasa mikoa ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani ya utajiri, hata serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli mwezi wa Januari 2015. Asiyetaka kupambanua kati ya mzizi wa kutibu tumbo na ramli ya kuua mtu, akasema yote ni mila yetu, huyo huitia mila aibu kuliko adui yake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali nayo ilishika jambo hili. Rais Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, akiona kwamba watu wasio na utamaduni wao ni kundi tu, wala si taifa. Kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, na Kijiji cha Makumbusho kikajengwa, chenye nyumba za makabila mbalimbali. Hizo ni kazi njema. Walakini nyumba isiyolaliwa na mtu ni kumbukumbu, si maisha. Mwanahiti aliyewekwa nyuma ya kioo hamfundishi mtu.

Kwa upande wetu twaona mfano ulio bora katika jengo la soko lenyewe. Soko jipya la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake lilisimama juu ya nguzo zilizotanuka juu kama miavuli, mfano wa miti ambayo chini ya kivuli chake wazee wetu waliweka masoko yao. Zege ni la kisasa, na hesabu za ujenzi ni za kisasa. Lakini wazo ni la mti wa sokoni. Moto uliliunguza soko hilo tarehe 10 Julai 2021, na kazi ya kulitengeneza na kulipanua ikafuata. Nalo latufundisha kwamba hata kitu kilichorithiwa vema hakijilindi chenyewe. Sharti wawepo watu wa kukitunza.

Sasa tunafika kwenye neno linalotuchoma. Wageni wote walioingia Kariakoo walileta mila zao, na nyingi zimepata mahali. Lakini wenyeji wao wamepata nini? Watoto wengi wa Kizaramo waliozaliwa mjini hawakijui Kizaramo. Mashamba ya babu zao yamekuwa mitaa, na makaburi mengi ya kale yamejengewa juu. Jina la Mzaramo hutajwa mara nyingi katika mizaha ya mjini, kana kwamba kupenda ngoma ni uvivu. Hata hivyo ni katika ukarimu wao taifa lilikutana: ni wao waliokubali wageni katika ua zao, na lugha ya pwani waliyokubali kuitumia badala ya yao ndiyo iliyotuunganisha sote. Mtu aliyetoa kitu chake ili wengine wapate umoja, je, ni haki kumcheka kwamba hana kitu?

Basi tuhukumu namna gani? Twaona kwamba kila mila yapasa kuulizwa maswali matatu. La kwanza: inafanya kazi gani kati ya mtu na mwenziwe? Utani na mazishi vilijibu vema swali hili, navyo vikaishi. La pili: inamwumiza nani asiye na sauti? Hapo ramli huanguka, na kufungiwa kwa mwali muda mrefu huanguka. La tatu: tukiiacha, ni nani atakayeifanya kazi yake? Swali hili la tatu ndilo tulilolisahau sisi tuliosoma. Tuliufunga unyago bila kufungua mlango mwingine, kisha tukashangaa kuona watoto wetu gizani.

Wasomaji wetu wa vijijini wana heri moja ambayo watu wa Kariakoo hawanayo. Wazee wangali karibu, na makaburi yangali yajulikana. Basi kila mwenye kalamu na akae na bibi yake au babu yake, aandike majina ya ukoo, miiko na sababu zake, nyimbo na maana yake, na jinsi utani wao ulivyoanza. Aandike yaliyo mema na yaliyo mabaya, bila kuficha. Tena wazazi, waalimu na wazee wa kanisa na wakutane kabla ya likizo kuanza, wapatane ni nani atakayewafundisha wasichana na wavulana wetu mambo ya utu uzima, na kwa maneno gani. Maana mtoto atakayepanda basi kwenda Kariakoo kesho hataulizwa na mji kama yu tayari. Atabeba alichopewa nyumbani. Na asipopewa kitu, atanunua cha kwanza atakachokikuta sokoni.